Kuchanganya nukta za kwantumu na polima ya fuwele-kimiminika: mwongozo kamili kwa maabara ndogo ya Lubumbashi

Juu ya meza yangu hapa Lubumbashi kuna vioo viwili vya darubini vilivyobanwa pamoja, na katikati yake kitu kinachofanana na gundi iliyokaa muda mrefu. Kiweke juu ya plastiki nyeusi, utaona wekundu wa shaba. Kiinamishe, wekundu unakimbilia kijani. Kibonyeze kwa kidole gumba: pale ulipobonyeza panageuka bluu, kisha rangi ya zamani inarudi polepole. Usiku ukikimulika kwa ile taa ndogo ya zambarau ambayo makambisti (wabadilisha fedha) wanatumia kukagua noti, kinawaka chungwa. Rangi ya dukani haimo. Mna maji, unga wa selulosi, na miligramu chache za nukta za kwantumu, yaani chembe za nusu-kipitishi (kitu kinachopitisha umeme kiasi tu) ambazo jicho haliwezi kuziona.

Nilikiharibu mara nyingi kabla ya kukipata, na karibu kila mara kosa halikuwa kwenye chembe wala kwenye polima. Lilikuwa kwenye chumvi iliyobaki majini na hewa iliyonaswa kwenye donge. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye kuosha na kukanda, na mengine nitayapita haraka.

Vitu viwili, na kwa nini tunavikutanisha

Polima tunayotumia inaitwa hidroksipropili selulosi. Watu wa maabara huiandika HPC. Ni selulosi iliyoongezewa vikundi vinavyoifanya iyeyuke majini. Viwanda vya dawa vinaitumia kushikanisha vidonge, na kwenye chakula ina namba E463, kwa hiyo haina sumu. Ukiiyeyusha kidogo majini ni ute tu. Ukiijaza hadi kati ya asilimia 60 na 70 ya uzito, minyororo yake haina tena nafasi ya kulala hovyo. Inajipanga sambamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limegeuka kidogo kuliko la chini yake, kama vipandio vya ngazi ya kuzunguka. Hiyo ndiyo hali ya fuwele-kimiminika ya aina ya kolesteriki: inatiririka kama kimiminika, lakini ndani ina mpangilio kama fuwele. Friedrich Reinitzer aliiona hali ya namna hii mwaka 1888 kwenye kiungo cha kolesteroli alichokitengeneza kutoka karoti, na jina kolesteriki lilitokana na jamii hiyo ya viungo.

Ngazi hiyo inarudisha rangi moja tu. Urefu wa wimbi linalorudi ni sawa na kipeo cha mpindo wa mwanga cha donge (namba inayoonyesha donge linavyopinda mwanga) mara urefu wa mzunguko mmoja kamili wa ngazi. Kipeo chetu ni kama 1.43. Ukitaka wekundu wa nanomita 620 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), mzunguko mmoja uwe na nanomita kama 434. Ukitaka kijani cha 530, kama 371. Maji yakipungua, ngazi inajibana na rangi inakwenda bluu. Joto likipanda, ngazi inajinyoosha na rangi inakwenda nyekundu. Jambo moja zaidi la kukumbuka: ngazi ya HPC majini inazunguka kulia, kwa hiyo inarudisha mwanga unaojisokota kulia peke yake, yaani ule ambao wimbi lake linazunguka kulia likisafiri. Ule wa kushoto unapita kama hakuna kitu.

Sasa nukta za kwantumu. Ukikata kipande cha nusu-kipitishi hadi kibaki na nanomita chache, rangi ya mwanga wake inafuata ukubwa wake: ndogo zaidi huwaka kuelekea bluu, kubwa zaidi kuelekea nyekundu. Alexei Ekimov aliiona hali hii ndani ya kioo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaiona ndani ya kimiminika, na Moungi Bawendi mwaka 1993 akapata njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana. Wote watatu walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023.

Ukiweka taa hizi ndogo ndani ya ngazi inayozuia mwanga wa kulia, mwanga wa kulia unaozaliwa humo unapata shida kutoka na wa kushoto unapita. Ni sharti rangi ya nukta iangukie palepale kwenye rangi inayorudishwa na ngazi. Kwa njia hiyo unapata mwanga uliochaguliwa upande bila kuweka kichujio chochote. Watu wanaoshughulika na leza ndogo, skrini na lebo za kuzuia bidhaa bandia wanautafuta sana mwanga wa namna hiyo.

Chagua nukta isiyo na kadimi

Vitabu vingi vinaanza na nukta za selenidi ya kadimi, kwa sababu zinawaka vizuri mno. Mimi nasema tuziache. Kadimi ni sumu inayokaa mwilini miaka mingi, Umoja wa Ulaya umeibana kwenye vifaa vya umeme isizidi asilimia 0.01, na sisi wa Katanga hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya metali kwenye maji ya mto. Tumia salfaidi ya shaba na indiumu iliyofunikwa kwa ganda la salfaidi ya zinki. Haiwaki kwa rangi kali kama ile ya kadimi, rangi yake imetawanyika kwa nanomita kama 100, lakini inatengenezwa majini bila kiyeyusho kinachonuka.

Tena ina ladha ya nyumbani. Shaba haihitaji maelezo hapa. Indiumu ya dunia inatolewa zaidi kwenye mawe ya zinki, na zinki ipo Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, ambako mgodi ulirudi kutoa mavuno mwaka 2024. Hiyo haimaanishi uende sokoni ukanunue salfeti ya shaba ya wakulima. Nunua kloridi iliyo safi.

Vitu vya kuagiza: kloridi ya shaba yenye maji mawili, kloridi ya indiumu yenye maji manne, asetati ya zinki, sitrati ya sodiumu, salfaidi ya sodiumu yenye maji tisa, glutathioni ya kuzivika nukta, soda kali kidogo ya kurekebisha pH (kipimo cha uchachu), na HPC yenye uzito wa molekuli karibu 100,000. Nyepesi kama hiyo inakandika. Nzito zaidi itakuvunjia kijiko. Glutathioni utaikuta mjini ndani ya vidonge na sindano za kujichubua ngozi. Usiichukue huko, maana imechanganywa na vitu vingine na hujui ni vipi.

Angalia jina kwenye kopo la selulosi herufi kwa herufi. Kuna duka, sitalitaja, liliniuzia hidroksipropili-methili selulosi kwa maelezo kwamba «ni ileile». Niliikanda wiki mbili na sikupata rangi yoyote.

Hatua ya kwanza: kupika nukta

Mizani ya milligramu ni ghali, ila ile mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu inasoma hadi gramu 0.01 au hata 0.001. Kwa hiyo usipime kidogo kidogo. Tengeneza akiba, kila moja katika mililita 100 za maji yaliyochujwa kwa mvuke:

- kloridi ya shaba, gramu 0.17
- sitrati ya sodiumu gramu 2.35, ikishayeyuka, tia humohumo kloridi ya indiumu gramu 0.59. Usibadilishe mfuatano, bila sitrati indiumu inatoa utando mweupe
- glutathioni, gramu 1.23, ya siku hiyohiyo
- salfaidi ya sodiumu, gramu 0.74, ya siku hiyohiyo
- asetati ya zinki, gramu 0.88

Katika chupa ya kioo inayovumilia moto weka mililita 5 za shaba, 10 za indiumu na 10 za glutathioni. Ongeza maji hadi 40. Tia soda kali tone kwa tone mpaka karatasi ya pH isome karibu 7. Hapa usiwe na haraka. Salfaidi ikikutana na asidi inatoa gesi ya harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu ya kweli, na ikizidi pua inazoea na hainusi tena. Fanyia kazi kibarazani au chini ya dohani, na siki isiwepo karibu. pH ikishatulia, mimina mililita 10 za salfaidi huku unakoroga. Maji yatageuka manjano, kisha hudhurungi.

Sasa joto. Mapishi mengi ya nukta za majini yanataka nyuzi 95. Mtu wa pwani anahitaji kifaa cha kudhibiti joto. Sisi tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, na maji ya hapa yanachemka karibu nyuzi 96. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka na joto la ndani halitapita hapo, hata ukisahau. Goma na Bukavu, walio juu zaidi, wanachemsha karibu na 95 yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hamishia sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yanaendelea kuchemsha, na kitu kinachochemka hakijui moto umetoka wapi. Ila mbabula ikae nje, mbali na pombe tutakayotumia baadaye.

Acha dakika 40. Mulika kwa taa ya zambarau kila dakika 10; utaona mng'ao hafifu wa nyekundu iliyokolea. Ukikata tamaa hapa utakuwa umekosea, kwa sababu kiini kisicho na ganda kinapoteza mwanga wake kwenye kasoro za uso. Changanya pembeni mililita 10 za zinki na 10 za glutathioni, fikisha pH karibu 7, ndipo utie 5 za salfaidi, uongeze kwa mafungu manne, kila baada ya dakika 10, kisha uache saa nzima. Mng'ao utapanda mbele ya macho yako na kusogea kutoka nyekundu kwenda chungwa. Zinki inaingia na kuziba kasoro.

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Kilicho muhimu ni indiumu kuizidi shaba. Mara nne ni mahali pazuri pa kuanzia. Shaba ikikaribia kulingana na indiumu, mwanga unadhoofika.

Hatua ya pili: kuosha, na hapa ndipo wengi wanapoanguka

Chupa inawaka vizuri, mtu anafurahi, anaimimina moja kwa moja kwenye unga. Nilifanya hivyo. Donge lilikuwa jeupe kama maziwa, halikutoa rangi wiki tatu.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chupa hiyo mna sodiumu, kloridi, asetati na sitrati nyingi kuliko nukta zenyewe. HPC inashikana na maji kwa mikono dhaifu sana, na chumvi inainyang'anya maji hayo. Kwenye maji safi polima hii inajitenga na kuwa nyeupe ikifika nyuzi kama 45. Chumvi inashusha kiwango hicho, na inavuruga urefu wa ngazi pia. Rangi uliyoikusudia inahama au inapotea kabisa.

Osha hivi. Mimina kimiminika chako kwenye chupa ya plastiki, ongeza pombe ya isopropili kidogo kidogo mpaka kiwe na ukungu. Ukungu huo ni nukta zikikimbia pombe. Chumvi nyingi zinabaki juu. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, kwa kasi ya mizunguko 4,000 hadi 6,000 kila dakika. Zahanati nyingi zina mashine hii kwa ajili ya damu. Omba kwa adabu, uje na mirija yako mipya, usitumie yao. Kama huna kabisa, acha chupa kwenye friji usiku mzima, zitazama zenyewe ingawa kwa uvivu. Mwaga maji ya juu kwenye chombo cha taka, yeyusha masimbi ya chini kwa maji safi kidogo, rudia. Mara tatu ni sawa, mara ya nne haiharibu.

Usizikaushe. Nukta zikikauka zinashikana, na hazitaachana tena.

Utajuaje zimetosha? Kile kipimo cha kalamu cha chumvi majini ambacho wauza maji ya kunywa wanachomeka kwenye ndoo kinakusaidia hapa: namba iwe imeshuka sana kulinganisha na ya kwanza. Kipimo cha pili ni leza ya kuelekezea. Pitisha mwanga wake kwenye chupa. Nukta zilizotengana zinaacha maji angavu na mstari hafifu. Zilizogandamana zinafanya mstari mnene kama mwanga wa gari kwenye vumbi la Agosti. Zilizogandamana zirudishe kwenye maji zaidi, ongeza tone la glutathioni, uache usiku mmoja. Zikikataa, anza upya. Najua inauma.

Hatua ya tatu: bukari isiyopikwa

Tunatengeneza gramu 20 za donge la asilimia 62.5: unga gramu 12.5 na maji gramu 7.5. Kiwango hicho, kwa HPC niliyonayo, kinatua kwenye wekundu. Kijani ni karibu na 65 au 66, bluu karibu na 69, lakini kopo na kopo havilingani, kwa hiyo fanya majaribio madogo bila nukta kwanza. Tunachagua wekundu kwa sababu mbili. Nukta zetu zinawaka chungwa na nyekundu, tunataka vikutane. Tena nukta hizi zinakula mwanga wa bluu. Ukitengeneza donge la bluu zitaumeza urembo wote.

Unga wenyewe unanyonya unyevu. Wakati wa mvua, Desemba au Januari, kopo lililoachwa wazi linaongezeka uzito, nawe unadhani umeweka selulosi kumbe umeweka maji. Kausha unga kwenye oveni nyuzi 80 kwa saa chache na upime palepale.

Gramu 7.5 za maji ndizo zinazobeba nukta. Kwa mara ya kwanza tumia nusu ya mavuno yako, ujazie maji mpaka uzito huo. Donge litakuwa na nukta chini ya nusu ya asilimia, na inatosha. Tamaa ya kuweka nyingi inaleta donge la hudhurungi lisilorudisha rangi, na nukta zinazosongamana zinaanza kuzimana zenyewe.

Weka unga wote kwenye chupa yenye mdomo mpana, tia maji kwa mafungu matatu, ukande kwa kijiko kigumu cha chuma. Mkono unaojua kusonga bukari, ugali wetu, utaielewa kazi hii mara moja: unasukuma, unageuza, unabana donge kwenye ukingo, unatafuta pale ambapo unga mkavu umejificha. Tofauti ni kwamba bukari hii haipikwi. Ukiipasha moto, inajitenga na maji na kuwa nyeupe. HPC inapenda baridi. Ukimaliza kukanda utakuwa na kitu kama chapati mbichi, cheupe, kibaya kukitazama. Funga kwa nailoni na kifuniko, weka friji. Kila siku toa, kanda dakika tano, rudisha. Siku ya tatu au ya nne weupe unaanza kufunguka, siku ya saba donge ni angavu na ukilitazama kwa pembe utaona kivuli cha rangi kinapita.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliiacha chupa dirishani mwezi wa sita. Asubuhi akanijia: «Yaya (yaani kaka), rangi imekimbia.» Ilikuwa imekimbia kweli. Hewa ya kiangazi hapa ni kavu sana. Kifuniko hakikukaza, maji yakatoka, ngazi ikajibana kupita bluu mpaka kwenye zambarau ambayo jicho haliioni. Tulipima chupa, tukarudisha gramu zilizopotea kwa maji safi, tukakanda tena. Siku mbili baadaye wekundu ulirudi. Kwa hiyo andika uzito wa chupa iliyojaa kwenye kifuniko, siku ya kwanza.

Hatua ya nne: kutoa hewa

Donge limejaa vipovu, na kila kipovu kinatawanya mwanga na kuficha rangi. Lijaze kwenye sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, ziba mdomo, uzungushe kwenye sentrifuji saa nzima. Vipovu vinakimbilia upande mmoja, unavisukuma nje.

Bila mashine, simamisha sirinji friji wiki mbili. Niliwahi kufunga sirinji kwenye gurudumu la baiskeli nikalizungusha kwa mkono. Kizibo kilifunguka na ukuta wa jikoni una alama mpaka leo. Mke wangu anawaonyesha wageni.

Hatua ya tano: vioo

Osha vioo viwili vya darubini kwa sabuni, maji safi, kisha pombe. Ngazi ya HPC inarudisha mwanga kidogo kwa kila mzunguko, kwa hiyo filamu isiwe nyembamba. Bandika tepu ya kufungia makatoni kwenye kingo mbili, tabaka nne, upate kama milimita 0.2. Weka tone kubwa la donge katikati, lisiwe na hewa chini yake, shusha kioo cha juu kwa kukiinamisha kutoka ukingo mmoja, kisha bana taratibu kwa vibanio vya karatasi.

Mara tu baada ya kubana hutaona kitu, au utaona ukungu. Umeivuruga ngazi kwa kuisukuma. Sogeza kioo cha juu milimita moja au mbili mbele na nyuma mara chache, kisha uache mezani. Rangi inajipanga ndani ya saa chache, na kesho yake ni nzuri zaidi. Ziba kingo zote nne kwa gundi ya epoksi, tabaka mbili. Verni ya kucha inafaa kwa siku chache tu, kwenye kiangazi haifiki wiki.

Kipande cha plastiki nyeusi kiweke nyuma, bila kukibandika. Wengine wanachanganya wino mweusi ndani ya donge ili rangi ikolee, na kwa HPC tupu ni ujanja mzuri. Kwetu wino utakula mwanga wa nukta.

Hatua ya sita: kupima bila maabara kubwa

Mchana, juu ya nyeusi, inamisha: rangi iende kuelekea kijani. Weka kiganja chako juu dakika moja: rangi iende kuelekea nyekundu zaidi, irudi ikipoa. Kisichobadilika kwa joto la mkono huenda ni uchafu wa nukta tu, si ngazi.

Kipimo ninachokipenda kinataka miwani ya plastiki ya sinema ya 3D, ile isiyo na betri. Lenzi moja inapitisha mwanga unaojisokota kulia, nyingine wa kushoto. Tazama kioo chako mchana kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kwa lenzi moja rangi inang'aa. Kwa nyingine inakaribia kuzimika. Ukiona tofauti hiyo, ngazi yako ni nzima.

Kisha ondoa ile nyeusi, zima taa, mulika kwa zambarau kutoka nyuma, usiitazame taa yenyewe. Safari hii lenzi iliyokuwa na giza ndiyo inayopaswa kuwa na mwanga zaidi, kwa sababu ngazi inazuia mwanga wa kulia wa nukta na kuachia wa kushoto. Sema kweli kwa wanafunzi wako: tofauti ni ndogo. Nukta zetu zimetawanya rangi kwa nanomita 100, na ngazi inashughulikia sehemu nyembamba tu ya hiyo. Macho peke yake hudanganya. Tumia simu, funga mwangaza wa kamera usijirekebishe, piga picha kupitia kila lenzi, ulinganishe wekundu wa picha mbili. Usipoona tofauti, punguza au ongeza maji nusu asilimia na ujaribu tena, maana huenda rangi ya ngazi na rangi ya nukta hazijakutana.

Ukitaka filamu ngumu

Donge letu litabaki laini siku zote. Wenye vifaa wanatumia monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima) za fuwele-kimiminika zinazoganda kwa mwanga, na inayojulikana zaidi ni RM257, ambayo ni fuwele-kimiminika kati ya takriban nyuzi 70 na 126. Huko nukta zinavaa asidi ya oleiki badala ya glutathioni, zinachanganywa na monoma ndani ya klorofomu, kiyeyusho kinaondolewa, asilimia moja ya kianzisha-mwanga (kinachoanzisha kuganda kikimulikwa) inaongezwa, na kama unataka ngazi, kiungo cha kusokota pia. Mchanganyiko ukiwa moto unanyonywa kati ya vioo vilivyopakwa polivinili alkoholi na kusuguliwa upande mmoja kwa kitambaa cha mahameli, unapoozwa mpaka ujipange, kisha unamulikwa kwa nanomita 365 bila oksijeni.

Shida ya njia hiyo ni mikia ya asidi ya oleiki. Haipatani na molekuli zilizojipanga, kwa hiyo nukta zinasukumwa na kukusanyana kwenye kasoro. Anza na asilimia 0.1, usiruke kwenda moja. Tena usiache monoma ikae kwenye joto muda mrefu, itaganda yenyewe kabla hujawasha taa.

Taka

Maji ya kuoshea, nukta zilizogandamana na karatasi za kupangusia ziingie kwenye galoni moja yenye alama, lisilo na asidi ndani. Acha galoni wazi mahali penye kivuli na upepo, maji na pombe vitoke, ukibaki na masimbi ya shaba, indiumu na zinki. Masimbi hayo hayatupwi shimoni wala bondeni. Wapelekee watu wa maabara ya kemia wenye utaratibu wa kukusanya metali, au yahifadhi kabatini. Mavuno kumi ya nukta yanaacha masimbi yasiyojaza kikombe cha chai.